Muuza Malewa wa Hatua ya Tatu

Wambede alituletea gemu yake ndani ya flashi
iliyofungwa kwa uzi wa kiatu,
akaiweka mezani, barabara ya Naboa,
kati ya sahani ya karanga na daftari langu tupu.
"Ifanyeni tamthilia," akasema. "Sehemu kumi na tatu.
Lakini Gidudu msimguse."

Gidudu ana roho tatu.
Hutoka mbio sokoni Mbale hadi juu ya Wanale,
huruka mitaro, hukwepa bodaboda,
akigongwa humetameta kidogo, kisha husimama,
shati halina hata vumbi.
Nimemuua mara nyingi kuliko siku nilizowahi kufunga.
Sasa nalipwa ili afe mara moja tu,
na watu walie.

Zile roho mbili nyingine nizipeleke wapi?
Moja nikampa kaka yake,
aliyefuata kazi ya ulinzi ughaibuni
na simu yake ikaacha kuita.
Ya pili ningali nayo mfukoni.
Kila nikitafuta chenji naigusa.

Halafu kuna hatua ya tatu.
Kwenye baraza ya duka la vitambaa
amesimama mwanamke na ungo wa malewa.
Ana sentensi moja:
"Pita upesi, mvua inakuja."
Ukipita, anasema. Ukirudi, anasema.
Ukifa miguuni pake, anasema vilevile.
Hakuna mchezaji aliyewahi kununua;
kununua hula sekunde nne.
Na mvua haijawahi kuja.
Kompyuta ilikuwa ya kuazima,
tone moja tu na ingekwama.

Nafasi hiyo tukampa Nandudu,
mwalimu wa chekechea kule Nkoma.
Mstari ule mmoja aliusoma kama barua ya benki.
"Amesimama tangu lini? Miguu haimuumi?
Malewa haya kayakausha nani, na kwa moshi upi?
Na hii mvua anaionaje peke yake?"

"Ni pambo tu," Wambede akajibu,
halafu akatazama nje dirishani
muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji.

Siku ya kupiga picha tulikodi pampu
ya watu wanaoosha kahawa.
Wambede alikaa nyuma ya kamera
vidole gumba vikicheza hewani:
kushoto, kushoto, ruka.
Lakini kijana aliyeigiza Gidudu ana mapafu,
na mapafu yalikataa.
Akasimama barazani, mikono magotini,
mahali ambapo mswada haukumsimamisha.
Pampu ikakohoa. Ikanyamaza.
Kisha ikatapika maji ya rangi ya chai
juu ya kijana, juu ya ungo, juu ya taa mbili za watu.

Nandudu alikuwa hajasema mstari wake.
Alimtazama kijana akichuruzika,
akasogeza ungo, akampa nafasi ukutani.
"Si nilikwambia?"

Hakuna aliyesema kata.
Vidole vya Wambede vilikuwa vimeganda juu,
kama vya mtu aliyeitwa jina la utotoni.

Watu wa stesheni walitaka mbio zaidi.
Tukio lile limebaki sekunde kumi na moja,
na juu yake wamebandika tangazo la sabuni.
Sikugombana. Nilikuwa nadai kodi ya miezi miwili
na wao walikuwa wanadaiwa na mimi.

Mwezi uliopita Wambede alitoa toleo jipya.
Bodaboda ni kali zaidi, wingu la Wanale linasogea.
Hakuna aliyelalamika wala kusifu jambo jingine,
pengine hawajaliona, hupita kwa kasi:
muuza malewa amekaa.
Amepewa kigoda cha miguu mitatu,
kanga imekunjwa juu yake,
na kando yake, ukutani, pameachwa upana wa mtu mmoja.

Jana usiku Gidudu wangu amefika pale.
Saa inahesabu kurudi nyuma, nyekundu.
"Pita upesi," ananiambia, "mvua inakuja."

Sipiti.